Taa ya Asukulu

Jumanne, 5 Oktoba 1999
Sombe tena, majani ya muhogo bila chumvi. Nimetwanga, nimepika, nimefua. Huku vilimani juu ya Kazimia, upande wa Kongo, hakuna kazi nyingine ila kungoja. Ni giza la mwezi, wakati wa ndagala, dagaa wetu wa ziwani, lakini ziwa liko tupu. Askari wamekataza taa, wanapiga risasi kila penye mwanga. Asukulu, mume wangu, alitoka na mtumbwi juma lililopita. Njaa haijui amri, alisema. Hajarudi.

Jumatano, 6 Oktoba
Mwenzake wa mtumbwi amefika kwa miguu, bega limefungwa kitambaa. Waliwasha karabai kidogo tu, wavute samaki. Risasi. Asukulu alianguka majini, akazama mbele ya macho ya mwenzake.

Nimelia mpaka sauti imekwisha. Mama yake Asukulu hakulia. Anasema mtu aliyeshikwa na woga haoni vizuri.

Alhamisi, 7 Oktoba
Leo tulipaswa kunyoa nywele na kuketi chini, kilio kianze. Mama amekataa. Jana jioni aliona mwanga mashariki, chini kabisa, pale maji yanapokutana na mbingu.

"Ile taa ni ya mutoto wangu. Kunyolea muntu mwenye iko muzima, ni kumuua."

Leo jioni ukatokea tena, akaupungia kitenge chake. Kisha akala, mara ya kwanza tangu habari ifike.

Ni Jupita. Nimefundisha sayari darasa la tano miaka yote. Sikumwambia. Najichukia, lakini alikula.

Jumamosi, 9 Oktoba
Mvua. Mwanga hakuna. Mama hakula. Mimi pia nilikuwa natazama mashariki, mjinga mimi, na diplome yangu.

Jumapili, 10 Oktoba
Mwanga umerudi, mapema kidogo. Mama anapunga mara moja, kisha anakimbilia ndani. Ukiikodolea macho taa ya mvuvi unamwitia adui, ndivyo walivyomlea. Kwa hiyo hajaona hata siku moja unavyopanda.

Asukulu alizoea kunitania: "Ninyi bawalimu munahesabu nyota, siye tunahesabu ndagala. Tuone nani atashiba."

Jumatatu, 11 Oktoba
Wamechoma kijiji cha chini yetu. Mwenye boti atavusha watu kesho kutwa alfajiri, kwenda Tanzania. Mama hasogei. Anauliza, Asukulu akitua asikute mtu?

Nikimwacha, atakufa hapa. Nikimwambia, nitamuua mwanawe mara ya pili, tena kwa mdomo wangu.

Jumanne, 12 Oktoba
Nimemwambia.

Alipomaliza kupunga nilimshika mkono, nikamzuia kuingia ndani. Tukaketi juu ya jiwe. Mwanga ukaachana na maji. Ukapanda kidole kimoja, viwili, vitatu. Taa ya mtumbwi haipandi, na mama ni binti wa wavuvi. Kitenge kikamponyoka.

Nikamweleza kwamba ile ni dunia nyingine, kubwa kuliko yetu mara nyingi, mbali hata akili inachoka. Akauliza kama iko na watu. Nikasema hapana.

"Hata mumoja?"

Hata mmoja, mama.

Aliokota kitenge, akajifunika mabega.

"Basi, siku balimuua mutoto wangu, kule juu hakukuwa hata muntu wa kuona."

Ndipo akalia. Hakuna kitabu cha shule chenye jibu la hilo.

Alhamisi, 14 Oktoba
Ng'ambo. Tumefika salama. Nimemnyoa mama, naye ameninyoa mimi, wembe mmoja, maji ya ziwa. Tumeketi chini sisi wawili tu, bila ndugu, bila chakula cha kilio.

Jioni nyota zikatoka zote. Darasani nilikuwa nasema mbele ya hizi mtu ni mdogo kuliko chembe ya mchanga, na watoto wanacheka. Leo nimejaribu kumfanya Asukulu awe mdogo hivyo. Nimeshindwa.

Mama amelala, kichwa chake kitupu juu ya paja langu. Kuna baridi. Nimemfunika.