Tezi Inayobisha Hodi

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta mzima, cherehani nayo nzima, na shemeji bado anakoroma mpaka majirani wanalalamika. Mimi ni mzima, ila niko hoi bin taabani.

Kazi ni ile ile ya kondoo. Asubuhi nafagia banda, nalisha, nachoma sindano. Mchana nashinda maabara na vichupa. Nikiingia dukani watu wananipisha kwa harufu, basi angalau sipangi foleni. Alikuwepo kondoo mmoja tukimwita Bibi Harusi, maana hatoki bandani mpaka abembelezwe. Juzi zamu yake ya kuchinjwa ilifika, na mwenzako nililia. Mkuu wetu akaniambia niache ujinga, ninawe uso, nirudi kazini.

Uliwahi kuniuliza tunatafuta nini kwenye vichwa vya kondoo, nikakujibu kwa mzaha. Leo nakueleza. Chini ya ubongo kuna tezi ndogo, pituitari. Ndani yake kuna jeni, yaani maagizo ya kutengeneza homoni inayokwenda kuyaamsha mayai kwenye ovari. Ni kama mtu anayebisha hodi. Ovari yenye afya huitika kwa homoni yake, estrojeni, na tezi ikishasikia hupunguza kelele. Bibi Harusi tulimtoa ovari zamani. Tulipoipima tezi yake, jeni ile ilikuwa inafanya kazi bila kupumzika, na homoni imejaa kwenye damu. Maskini, alikuwa akibisha hodi kwenye nyumba isiyo na mtu.

Sasa kaa kitako, dada. Yale majibu ya damu uliyonitumia picha ni ya homoni hiyo hiyo inayobisha hodi. Uliandika kwa furaha kwamba namba imepita kiwango, homoni zimejaa tele, mwaka huu lazima mtoto aje, na tayari umemshonea vigauni na kofia. Ukaniuliza mbona sifurahi nawe.

Namba kubwa si habari njema. Nilijua palepale nilipoiona. Ukijumlisha na hedhi yako iliyokata, naogopa tezi yako inapiga kelele kwa sababu ovari haziitiki. Mimi ni mtu wa kondoo, si daktari. Daktari wako atarudia kipimo, naye ndiye wa kumsikiliza. Lakini sikutaka uingie kwake ukicheka, uyasikie haya kwa mgeni. Inaniuma, dada. Inaniuma sana.

Tangu siku ile umenipigia simu bila kuchoka, nami nikaiacha iite mpaka ikakata. Mimi, mliyenibandika jina la Domokaya kwa kushindwa kunyamaza! Umebisha hodi wiki nzima, na mwenye nyumba yumo ndani, amejifungia kwa woga.

Siku ya kwenda kwa daktari nitakuwa nawe. Nimeomba ruhusa, mkuu amenuna, na anune. Vigauni usivifumue. Nisalimie shemeji, mwambie safari hii nitamvumilia na kukoroma kwake.

Ukimaliza kusoma, piga simu. Nitaitika.

Mdogo wako,
Domokaya