Chungu cha Asiyekula Kamongo

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Dada Nyangeta akusomee taratibu, na akifika penye mambo ya kazi asiruke, maana humo ndimo nilimo. Mgongo unaendeleaje? Mvua imefika Kiriba, au mihogo bado inangoja? Mimi ni mzima, ila baridi ya huku Denmaki imeniingia mpaka kwenye meno.

Dada aliniandikia kwamba sabuni na sukari zimerudi madukani Musoma, mwenye pesa anachagua. Nimefurahi. Akaniambia pia kwamba kila mkipika kamongo, samaki nisiyemla, bado unaniwekea furu, wale samaki wadogo, pembeni, kwenye chungu changu kidogo, kama nilipokuwa mtoto. Na kwamba kaka Bwire amechoka, anasema, "Mama anamwekeaga nani? Mwenyewe hayupo, na furu wenyewe sangara wamewamaliza ziwani. Hicho chungu tunyweshee kuku." Nilicheka, kisha nikaisoma tena.

Maana hata kazini tulikuwa tunabishana hayohayo. Ndani ya kompyuta kuna programu moja iliyo kama mama wa nyumba: nyingine zote huja kwake kuomba nafasi ya kufanyia kazi, naye huzigawia. Sasa kuna programu ya zamani, ya kupanga mizigo bandarini, iliyoandikwa vibaya. Inapewa sehemu yake, inairudisha, halafu inaendelea kuila. Sheria ikifuatwa, kilichorudishwa kikachukuliwa, inaanguka katikati ya kazi. Kwa hiyo waliotutangulia waliandika mistari michache ndani ya ile programu mama: akija huyu, usimnyang'anye upesi.

Mwenzangu Jens akataka mistari hiyo ifutwe. "Kosa ni lake, ajirekebishe," alisema. "Kwa nini nyumba nzima imbebe mmoja?" Nilimsikia marehemu Baba kabisa, akisema mtoto asiyekula kamongo alale njaa, kesho atakula. Nikamjibu Jens kwamba kwetu mtu akila tofauti hafukuzwi, kinaongezwa chungu. Walicheka, lakini mkubwa wetu akaamua watu wa bandari waandikiwe. Wakisema bado wanaitumia, mistari ibaki.

Tulingoja sana. Hakuna aliyejibu. Nikapewa mimi kazi ya kuifuta, Mama, mimi niliyeitetea. Wenzangu wakavaa makoti wakaenda kwao. Mimi niliifuta, nikabaki kwenye kiti, na harufu ya samaki wako ikanijia mahali ambapo hakuna hata moto. Nilikukumbuka sana.

Ndipo nikaona kwamba Bwire hana kosa. Barua zenu zinanifikia, nami tangu mavuno sijajibu hata moja. Mtu akinyamaza hivyo, nyumbani watajuaje kwamba yupo?

Basi najibu. Chungu changu kisinyweshewe kuku. Usihangaike kutafuta furu. Kiache kitupu, mahali pake karibu na mafiga. Mkataba wangu ukiisha narudi, na kamongo bado sili.

Nisalimie mama mdogo wa Nyegina, na shangazi wa Kabasa anayeuza vitenge. Shangazi mwambie koti alilonichagulia ndilo ninalolalia. Bwire mwambie maneno yake yamenifika, na hasira yake naijua, ni ya mtu anayengoja.

Mwanao, ambaye yupo,
Magesa