Mwali Uliotuelekea

Mjukuu wangu Zuhura,

Salamu zikufikie huko Ujerumani ukiwa mzima. Huku Mbuchi mpunga umekubali, na mama yako ametoka hospitali Mchukwi, mguu umepona, alhamdulillahi.

Ujumbe wako nimesomewa mara mbili kwa furaha! Kwamba shimo jeusi katikati ya galaksi ya mbali limerusha miali ya gama, na darubini iliyo angani ikainasa ukiwa zamu wewe! Ukaniuliza, "Bibi, unaelewa nikisema galaksi ya namna hii, blaza, inang'aa hivyo kwa sababu mwali wake umetuelekea sisi?"

Naelewa sana. Nilipokuwa kigori, dada yangu Mwanaidi alishikwa na uchungu ng'ambo ya mto, na mafuriko yakazuia mitumbwi. Shemeji alikuwa ameahidi kutumulika kwa kioo dada akijifungua salama. Asubuhi nikaona mng'ao mkali, nikapiga kelele. Mama, aliyesimama pembeni kidogo, akasema kwa huzuni, "Mbona mimi sioni kitu?"

"Njoo usimame hapa nilipo!" Nikamvuta mkono. Mwanga ukampiga usoni. Alilia, akacheka, akapiga vigelegele mpaka majirani wakatoka.

Kumbe mwanga ulikuwapo muda wote, ila ulikuwa na mahali pake pa kuuonea. Nawaza ni wangapi huko mbali wameukosa huo mwali wenu kwa kukaa pembeni tu! Hiyo blaza ikiwaka tena nipigie hapo hapo, hata nikiwa shambani. Nataka niisikie sauti yako ikiwa bado inatetemeka.

Bibi yako,
Mwanahamisi