Nyuma Yako Ukutani

Papa,

Naanza na lile linaloniaibisha: nakuogopa. Wewe, uliyekuwa ukimkimbia bata wa jirani! Siku tulipokuzika sikukuogopa, wala siku ya kwanza nilipotoa nyumbani baiskeli yako ya toleka, ile ya kubebea abiria, bila kumuuliza mtu. Mama alidhani naenda sokoni. Nilikuwa napiga pedali tu, bila abiria, bila safari, kwa sababu nikikaa nyumbani nalia.

Hivyo ndivyo nilivyoziona kuta zenye michoro. Miaka yote uliyonibeba nilikuwa naangalia mgongo wako. Sikujua mji wetu una watu wanaochora samaki mwenye magurudumu kwenye ghala bovu, au mama muuza mihogo mrefu kama ghorofa. Nikawa nazitafuta mtaa kwa mtaa, Makiso, Mangobo, hadi karibu na daraja la Tshopo. Ungenicheka: nguvu zote hizo za miguu, kwa ajili ya kuangalia rangi!

Huko nilimkuta Béa, msichana mchoraji, juu ya ngazi yake. Aliposikia ulikuwa unabeba watu kwa baiskeli, akaomba picha yako. Nilimpa ile moja niliyokuwa nayo: wewe kwenye pedali, mimi nyuma, nimeng'ang'ania shati lako. Sikufikiri. Akatuchora wote wawili, wakubwa kuliko mlango wa kanisa.

Unajua kwetu sura kubwa hivyo ni ya nani: ni ya aliyekufa. Wakati wa matanga yako mtaa mzima tulivaa tisheti zenye uso wako. Jirani yetu Mama Kavira akaja mbio: "Mutoto iko muzima? Nimemuona kwa ukuta, papa yake iko namubeba!" Mama aliangusha sufuria. Kesho yake mnyororo ukakatika nikiwa kwenye mteremko, nikaanguka, goti likapasuka. Mama akasema, "Papa yako iko nakuita. Ni weye mwenyewe ulimupandia nyuma." Nilimjibu kwamba ni mnyororo mzee tu, lakini hapo ndipo nilipoanza kukuogopa. Nilijiuliza kama kweli umechoka kukaa peke yako. Nisamehe kwa kukuwazia hivyo.

Jana nilikwenda kumwambia Béa anifute. Hakukasirika. "Bon, kamata brosi, ujifute weye mwenyewe." Nikaanza na miguu, nikiifunika kwa rangi ya ukuta. Nikafuta gauni, nikafuta uso, ingawa kwenye picha ile nilikuwa nacheka. Nilipofika kwenye mkono uliokung'ang'ania nikashindwa. Rangi bado ilikuwa imejaa kwenye kopo, ila niliona kama nikiufuta nitakuwa nimekuachia uende kabisa. Nikashuka ngazi.

Kwa hiyo uko ukutani peke yako, Papa, na mkono wangu mmoja umeshika shati lako. Wapita njia wanauliza ni wa nani. Mama bado hajui. Naogopa atakachosema, na naogopa kesho pia, kwa sababu nimetia mnyororo mpya na nitapanda tena.

Nenda salama. Naahidi kila Jumapili baada ya misa nitapita hapo nikusalimie, mimi mwenyewe nikiwa kwenye pedali. Mkono huo nimekuachia kwa mapenzi. Tafadhali, Papa, usiuvute.

Mtoto wako,
Furaha