Jina la Kwanza kwenye Fomu

Jumatatu, 3 Februari

Krrrik. Tangu asubuhi sauti hiyo haijanitoka masikioni. Nilikwenda kwa Kaka kuazima pasi, nikaisikia kutoka sebuleni — krrrik, kimya, krrrik — nikadhani anatengeneza kitu. Kumbe anatengeneza kweli. Amembana binti yake Chiriku katikati ya magoti, chanuo mdomoni, anafunga mikia ya nywele za mtoto kwa vile vibanio vya plastiki vya kufungia nyaya. Vyeusi, vya kazini. Anavuta, anakata ncha kwa koleo, anarudi nyuma kidogo kuitazama kazi yake.

Nikamwambia hivyo havifunguki. Akasema ndiyo uzuri wake, vile vya mpira hupotea shuleni.

Miaka kumi na miwili ya ufundi umeme! Hajawaza kwamba kitu kisichofunguka kwenye nguzo ni sifa, na kwenye kichwa cha mtoto wa miaka sita ni balaa. Mtoto mwenyewe alijitazama kwenye kioo akaridhika. "Sasa mimi ni waya," akasema. Hatukumwita Chiriku bure. Haishiwi maneno.

Jirani mshona mapazia akachungulia dirishani. Baba huyu jamani, wanaume wangapi wanaweza? Kaka akatabasamu kama mtu anayepigwa picha. Mimi nilisukwa na Mama utoto wangu wote, na sikumbuki hata kichwa kimoja kilichoingia dirishani kumsifu. Mwanamume akishika chanuo, mtaa mzima unasimama.

Jumanne, 4 Februari

Shangazi Mkubwa, dada yake marehemu baba, huja kwetu kila Jumanne kukagua maisha yetu. Leo alipomwona Chiriku, alikaa chini bila kuangalia kama kuna kiti. Kilikuwepo, bahati yake.

"Mtoto wa kike amefungwa kama mzigo wa kuni."

Mama akaleta mkasi. Haukuingia. Ikabidi koleo la Kaka, na kishungi kimoja cha nywele kikaondoka nalo. Chiriku hakulia. Alikiomba akakiweke mfukoni.

Halafu hotuba. Kwamba mama mtu yuko melini miezi tisa kila mwaka, mhandisi, anahangaika na mainjini kama mwanamume. Kwamba baba mtu anajitahidi, maskini, lakini mwanamume ni mwanamume tu. Kwamba mtoto wa kike anahitaji mkono wa kike. Ukimwacha Chiriku, mikono ya kike iliyokuwepo chumbani ilikuwa sita. Walitazama yangu.

"Wewe ndiye shangazi yake," akasema, kama ananivika cheo.

Nikamkumbusha nina barua. Ofisi ya ramani, niripoti Jumatatu saa mbili kamili. Nimeingoja miezi minane. Mama akasema taratibu kwamba kazi zipo, zitakuja nyingine. Mama hajawahi kuomba kazi maishani mwake. Anazungumza kama zinaanguka kutoka juu ya mti.

Alhamisi, 6 Februari

Chiriku ana kikohozi. Kaka aliniomba niwasindikize zahanati. Muuguzi hakumtazama Kaka hata mara moja. Akaniuliza mimi: kimeanza lini? Sijui. Usiku anakohoa? Sijui. Ana mzio wa dawa gani? Nikamtazama Kaka. Yeye ndiye aliyejibu yote, siku, saa, rangi ya makohozi, jina la dawa iliyomletea vipele mwaka juzi. Muuguzi akaandika kila neno, macho kwangu.

"Haya mama, kijiko kimoja, kutwa mara tatu."

Tulipofika mlangoni akaninong'oneza kwamba mume wangu anajitahidi sana. Nje tulicheka mpaka Kaka akajishikilia ukutani.

Nakiri hapa, kwa sababu hakuna anayesoma: leo nilimpenda. Kila siku hushuka nguzoni saa tisa kasoro ili amuwahi mtoto shuleni. Wenzake kazini humwita Mama Chiriku. Anasema hawajui kutania. Lakini aliposimulia hakucheka tena.

Jumamosi, 8 Februari

Shangazi amekuja na fomu na kalamu. Kalamu yake mwenyewe, asije akaambiwa nyumba hii haina. Shule imebadili utaratibu: kuanzia Jumatatu mwalimu wa zamu hatamwachilia mtoto ila kwa aliyeandikwa mstari wa kwanza. Mlezi wa kwanza. Wa kupigiwa simu, wa kuja getini saa tisa na nusu. Kesho kikao cha familia, alisema, halafu niandike jina langu.

Nikauliza haya yote yametoka kwa nani. Shangazi akaanza kukunja mtandio. Mama hajui kudanganya, hilo ndilo ninalomheshimia.

"Kaka yako ndiye aliyeomba," akasema.

Amepewa usimamizi wa laini mpya ya umeme, nje ya mji, wiki tatu huko na moja hapa. Alimwomba Shangazi aliseme yeye, kwa sababu likitoka kinywani mwake lingeonekana vibaya. Hivyo hotuba yote ya Jumanne, mkono wa kike na mzigo wa kuni — aliiagiza. Vibanio vilimpa tu Shangazi pa kuanzia.

Nikavuka barabara kwenda kwa Kaka. Nilimkuta anafua soksi za shule, anazigeuza nje ndani kama afanyavyo siku zote.

"Nimechoka, mdogo wangu. Miaka mitatu wananiita Mama."

"Na mimi?"

"Wewe huna..."

"Sina nini?"

"Huna mtu. Na kazi yenyewe ni ramani tu."

Ramani tu. Nikamuuliza kama mkewe anajua. Eti meli haina mtandao. Meli haina mtandao! Juzi Chiriku alimwonyesha mama yake kishungi kwenye video, mpaka betri ikaisha.

Kwa hiyo hata yeye. Nilidhani ni tofauti na wale wanaomtania, kumbe anaamini wanachoamini: kwamba kazi hii ina mwenyewe, na mwenyewe ni mwanamke yeyote aliye karibu. Alikuwa ananishikia tu nafasi. Sifa zote za mtaa amekula, sasa anataka kuniachia sahani.

Chiriku alitukuta tumenyamaza. Akauliza nani amekufa.

Jumapili, 9 Februari

Kikao dakika ishirini. Walisema wote isipokuwa mimi. Kaka aliangalia zulia. Mwisho nikanyoosha mkono, nikachukua fomu, nikasema nitaijaza na kuipeleka mwenyewe asubuhi. Shangazi akanibusu paji la uso. Nikamwachia. Najidharau kidogo kwa hilo, ila kidogo tu.

Jumatatu, 10 Februari

Niko mezani pangu. Nina meza. Mkuu wa idara, mzee mwenye kioo cha kukuzia kilichoning'inia shingoni, amenipa karatasi ya mtaa ambamo njia imechorwa kupita katikati ya kisima. Nitafute kosa lilianzia wapi. Tangu asubuhi nimelifuata mpaka ramani ya tatu nyuma.

Fomu niliifikisha shuleni saa moja. Mstari wa kwanza: jina la Kaka, namba yake, kazi fundi umeme. Wa pili: wifi, melini. Kulikuwa na wa tatu, nimeuacha wazi. Mwalimu wa zamu akauliza kama nina uhakika, baba ndiye wa kwanza? Nikasema ndiye wa kwanza tangu mtoto ana miaka mitatu, muulize mtoto. Akapiga muhuri.

Saa mbili kasoro nilimtumia Kaka picha ya fomu, bila neno. Nyingine nikamtumia wifi, na mstari mmoja: hongera kwa laini mpya ya Kaka. Kaka alipiga mara nne, Mama mara mbili. Wifi aliandika moja tu: Laini ipi mpya? Sikumjibu, amuulize mumewe. Saa nne nikazima simu.

Sasa ni saa tisa na dakika kumi na mbili. Kutoka kazini kwake hadi getini ni dakika arobaini. Kama anakwenda, ameshashuka. Kama hajashuka, Chiriku atakaa kwenye benchi la mlinzi akimsimulia habari za dunia.

Mkuu wa idara amepita sasa hivi. Ameuliza kama nina watoto wa kuwahi nyumbani. Nimesema sina. Amesema vizuri, basi naweza kubaki mpaka saa kumi na moja.

Nimesema naweza.