Kucha Yangu na Taulo la Padre

Jumapili, 19 Machi 1995
Naahidi kuandika hapa kila kitu, hata kinachonuka. Kwanza habari njema: nimechaguliwa! Alhamisi Kuu Padre ataosha miguu ya watu kumi na wawili, sita wa kigango chetu na sita wa kambi ya wakimbizi. Katekista Juvenali kasema mwaka huu na wasichana wamo. Habari mbaya: kucha ya kidole gumba, mguu wa kulia. Ya njano, nene, inamomonyoka kama muhogo mkavu.

Jumatatu, 20 Machi
Bibi kasema ni funza. Kanikalisha juani, kachokoa kwa pini — machozi! Eti nitulie, huyu ni mkaidi, kajificha ndani. Funza hakutoka. Ilitoka damu, na unga unga. Kisha kapaka mafuta ya taa.
Shuleni, mwenzangu Ndassa kaniona nachechemea, kaniita Kobe. Mara darasa zima: "Shikamoo, Kobe!" Nikajibu marahaba. Wakacheka, wakaniacha.

Ijumaa, 24 Machi
Zahanati. Muuguzi katazama mara moja tu. Si funza. Funza huwasha, na utaona doa jeusi katikati ya uvimbe. Hii ni kuvu, wengine huita fangasi. Inapenda jasho na giza, na huambukiza. Kauliza navaa nini. Mabuti ya mpira ya Baba, aliyokuwa akivaa kupakua mahindi ya msaada kambini. Masika hii nayavaa kutwa, bila soksi. Kacheka: "Basi na baba alete miguu."
Nisichokoe tena. Nijikaushe katikati ya vidole. Mabuti yaanikwe. Wembe wangu wa kucha asiutumie mwingine. Nipake mafuta ya dawa, ya kopo, asubuhi na jioni.
Nikauliza kama itapona kabla ya Alhamisi Kuu.
"Kucha haina haraka, mwanangu. Labda Krismasi."

Jumamosi, 25 Machi
Baba kavua viatu. Ya kwake mbaya kuliko yangu! Miaka yote alidhani ni uzee. Pini ya Bibi siioni tena.

Jumapili, 9 Aprili
Kwenye shina la kucha naona mstari mwembamba, safi, wa rangi ya waridi. Mdogo kama uzi. Nimemwonyesha Bibi. Kasema macho yake hayaoni uzi.

Jumatano, 12 Aprili
Mazoezi kanisani. Tutavua kiatu cha mguu mmoja tu, wa kulia. Nilifikiri nitoe wa kushoto — lakini leo asubuhi nimeona kucha yake nayo imeanza kuwa njano pembeni. Halafu Katekista kaleta taulo. Jeupe, zuri. Moja! Kwa watu wote. Anayekaa baada yangu kwenye benchi ni Nimpaye wa kambini.
Nimemwambia Nimpaye yote, nyuma ya kanisa. Kaitazama kucha, kacheka. Miguu yake imetembea kutoka Burundi, kasema, Padre atahitaji ndoo mbili. Lakini mimi sikucheka. Kucha zake ni nzima, nimezitazama. Na Katekista akijua, ataweka mtu mwingine mahali pangu.
Njia ya kambini inapita zahanati. Nimpaye amebeba swali langu kwa muuguzi. Kesho, Alhamisi Kuu yenyewe, aje na jibu kabla ya misa. Nimemfanya alirudie mara mbili asilisahau: Felisita anauliza, akija na kitambaa chake mwenyewe cha kujifutia, ataweza kubaki kwenye benchi?