Saa Saba Mpaka Seoul

Mtaa wa Wafuma Hariri,
Margilan.
Jumanne, 12 Machi

Mpendwa Kaka Elyorjon,

Oydin wangu ameamka sasa hivi. Amekaa kitako, akaziba masikio kwa viganja vyote viwili, akaomba maji, halafu akasema, "Mjomba anasikia baridi." Kisha kageukia kijiko chake, anacheza.

Nisamehe, salamu zilipaswa kutangulia. Hujambo kaka yangu? Mgongo umepona? Sisi wazima. Mama naye mzima, ila presha inampanda tangu simu yako ilipoacha kupokewa. Leo siku ya kumi na tisa.

Barua hii ataibeba Tohirjon, jirani yetu, anayeruka Alhamisi kuja kufanya kazi huko Seoul. Ataileta mpaka bwenini kwenu.

Unaukumbuka mkate ulioung'ata siku ya kuondoka, Mama akautundika ukutani ukungoje uje uumalize? Miaka miwili hakuna aliyeugusa. Leo asubuhi nilisogeza sanduku la magodoro chini yake nipate kufagia, nikasahau kulirudisha. Kosa ni langu. Oydin kapanda, kaung'ata palepale ulipoishia wewe. Mkate mgumu kama ubao, kaka, na yeye ana miaka mitatu tu. Nilipotazama alama ya meno, ndani mlikuwa laini kama uliotoka tanurini leo.

Mama alimpokonya, akanigeukia. "Umempa mtoto safari ya mwenzake. Unajua ni mbali kiasi gani?"

Sikujua. Oydin akajilaza pale pale, saa mbili asubuhi, akalala. Tukamwita, tukamtikisa, wapi. Anapumua tu, nyayo baridi. Nilimpigia mume wangu Ravshan kazini, akasema sisi wanawake tunapenda kujitisha, tumwache mtoto alale.

Nikatoa ramani yangu ya shule, nikapima kwa uzi kutoka Tashkent, ndege yako ilikorukia, mpaka kwako. Tohirjon alipopita kuulizia barua akanikuta hivyo, akacheka. "Dada Zebi, rubani hana uzi. Ni kama kilomita elfu tano, saa saba hewani." Halafu akamwona Oydin, akauliza amelala tangu lini. Nikamwambia. Akatazama saa ya ukutani: tisa kasoro dakika chache. Hakucheka tena, akaaga.

Saa tisa kamili Oydin akafumbua macho.

Mama analia. Mimi, kaka, nimefurahi. Kama alifika kwako, basi upo. Asiyekuwepo hasikii baridi. Tohirjon atakuletea soksi za sufu na zabibu kavu, uvae, ule.

Ravshan anakusalimu sana, na Shangazi Mastura, anayekuombea kila swala. Mungu akurudishe kwa miguu yako mwenyewe, na mimi dada yako akupendaye, Zebiniso, niwe wa kwanza kukufungulia

Mama ananiita uani. Ameshika simu, anasema namba ni ya huko kwenu, ila anayeongea anamtaka Oydin, na sauti yake ni yako, kaka, ni